Klabu ya mazingira chuoni kwetu, Iringa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mwaka wa masomo unapoanza tunaweka meza nje ya bwalo, na maswali huwa yaleyale. Safari hii tumeyaandika pamoja na majibu yake, ili mgeni apate jibu lilelile hata kama mezani amekaa mtu mwingine. Ninayeandika ni mwanachama wa mwaka wa tatu, nasimamia kitalu. Penye "mimi" ni maoni yangu. Penye "sisi" ni jambo tulilokubaliana kikaoni.

Mnafanya nini hasa?

Tunaotesha miche na kuitunza hadi iwe miti, tunatenganisha taka za mabweni na za bwalo, tunafuatilia mabomba yanayovuja, na huu ni mwaka wa pili tunazungumza na uongozi wa chuo kuhusu jiko la kuni. Sehemu kubwa ya muda wetu inakwenda kwenye kumwagilia. Tunalisema mapema kwa sababu wapo waliojiunga wakidhani ni klabu ya makongamano na fulana, wakakuta ndoo.

Lazima niwe nasoma kozi ya mazingira?

Hapana. Anayezijua mita zote za maji za chuo hiki anasoma ualimu wa Kiswahili na historia.

Siku ya Taifa ya Upandaji Miti ni Aprili Mosi. Mbona siku hiyo hamchimbi mashimo?

Kwa sababu ya mvua ya Iringa. Mji wetu una msimu mmoja wa mvua: huanza mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba, na Aprili ikikatika imekatika. Baada ya hapo ni kiangazi cha miezi kama saba. Juni na Julai ni baridi inayopasua midomo, Agosti na Septemba ni upepo na vumbi. Mche uliotiwa ardhini Aprili Mosi unapata wiki mbili tatu za unyevu, kisha unaachwa na mizizi ya urefu wa kidole ipambane na miezi yote hiyo. Uliopandwa Desemba unakuwa na miezi minne ya kushusha mizizi kabla jua halijashika.

Tulijifunza kwa uchungu. Nikiwa mwaka wa kwanza tulipanda Aprili Mosi. Wageni walikuja, picha zikapigwa, kila mgeni akawa na mti wake na kibao chenye jina lake. Niliporudi kutoka likizo mwezi wa kumi nilipita pale. Vibao vilikuwa vimesimama, na pembeni ya karibu kila kibao kulikuwa na kijiti kikavu. Nilikivuta kimoja kikatoka bila ubishi, na mzizi wake wote ulikuwa umejiviringisha ndani ya kiriba, kile kifuko cha plastiki ulimooteshwa. Aliyeupanda ule mche hakuwa ameuvua plastiki yake. Ulikaa miezi sita shimoni bila mzizi wake kugusa udongo hata mara moja.

Nilikaa chini pale kwa muda. Nilikuwa miongoni mwa waliogawa ile miche, na sikumwambia mtu yeyote kuhusu viriba, kwa sababu nilidhani kila mtu anajua.

Siku hizi Aprili Mosi tunapalilia, tunaweka matandazo na kuhesabu miti iliyo hai. Mgeni rasmi akija tunampa jembe, tunampeleka kwenye mti wa mwaka jana. Wageni huupenda huo utaratibu, kwa sababu wanaona kitu kilichokua.

Basi mche unapandwaje?

Kwa mti wa matunda chimba shimo la futi mbili kwa futi mbili. Udongo wa juu, ule mweusi, weka upande mmoja. Wa chini, mwekundu, upande mwingine. Rudisha kwanza ule mweusi ukiwa umeuchanganya na mboji. Chana kiriba kwa wembe upande mmoja na uuvue mche kama unavyomvua mtoto mchanga shati, bila kuubomoa udongo ulioshika mizizi. Shingo ya mche ilingane na usawa wa ardhi, isizame. Shindilia kwa kiganja, kisha zungushia kisahani cha udongo kishike maji.

Mwisho wa siku tunahesabu viriba. Ikipandwa miche 60, virudi viriba 60. Kikipungua kimoja tunarudi kukitafuta, hata kama jua limeshazama.

Likizo ndefu chuo kinafungwa. Nani anamwagilia?

Tunashukuru kila anayeuliza hili, kwa sababu klabu inasimama au kuanguka hapa. Wanafunzi tunaondoka kiangazi kikiwa kimekolea na kurudi mawingu yakianza kujikusanya. Miezi ambayo mti unamhitaji mtu ndiyo miezi ambayo mtu wake yuko Mwanza, Tanga au Songea.

Kwa hiyo tunapanga kuanzia Septemba kurudi nyuma. Kikao cha Novemba hakianzi kwa kuuliza tumepewa miche mingapi. Kinaanza kwa kuuliza nani anakaa mjini: wenzetu wa Kihesa, wa Ipogolo, wanaofanya mazoezi kwa vitendo Iringa, wanaopanga vyumba mwaka mzima. Wakipatikana kumi, na kila mmoja akakubali miche sita, tunapanda 60, basi. Miche inayozidi tunaigawa kwa shule za msingi za jirani ambako walimu wanaishi palepale. Wapo waliotuona wavivu kwa kukataa miche ya bure. Mimi naona kuupokea mche usio na mtu ni kuuua mapema.

Kisha kuna wafanyakazi wa chuo ambao hawaendi likizo ndefu. Mzee wetu wa bustani ndiye mwalimu wangu wa kweli katika kazi hii. Siku moja nilikuwa nimemaliza safu nzima kwa dakika ishirini, nikamsalimia "shikamoo mzee" huku nikijivuna kidogo. Akaitikia, akasema, "Mwanangu, chimba hapo kwa kidole." Nikachimba. Juu udongo ulikuwa mweusi wa maji. Chini kidogo tu, kabla kidole hakijazama nusu, ulikuwa mkavu kama unga. "Umeosha vumbi," akasema. "Mti hujaunywesha." Tangu siku ile kanuni yetu ni ndoo moja kwa mche, mara mbili kwa wiki, ikimiminwa polepole jioni. Kikombe kila siku kinaifundisha mizizi kukaa juu, na juu ndiko jua liliko.

Pia tunatumia chupa tupu za lita moja na nusu. Toboa kifuniko kwa sindano, kata kitako, ifukie kichwa chini pembeni ya mche, ijaze maji, kisha ufunike na kile kitako ulichokata ili mbu wasizalie humo. Maji hushuka tone kwa tone hadi kwenye mizizi. Matandazo ya majani makavu juu yake yanazuia nusu ya kazi ya jua. Shina lenyewe liachiwe nafasi ya kiganja lisije likaoza.

Mnapanda miti gani? Mbona si milingoti, inayokua haraka?

Milingoti na misindano ina mahali pake. Kule Mufindi, kuzunguka shamba la miti la Sao Hill, watu wamejenga nyumba na kusomesha watoto kwa mbao na nguzo, na baadhi yetu ni hao watoto. Ila karibu na maji mlingoti haufai, unakunywa mno. Na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda eneo la mita 60 kutoka kwenye kingo za mito na vyanzo vya maji lisiharibiwe na shughuli za watu.

Bondeni nyuma ya mabweni kuna kijito kinachoelekea Ruaha Mdogo. Huko tunapanda mivengi, mikuyu na mizambarau, miti ambayo wazee wa hapa waliikuta ikikaa na maji. Kwenye kingo za korongo tunapanda mianzi, kwa kuwa mizizi yake hushika udongo kama wavu. Karibu na vyumba tunapanda miparachichi ya kubebesha, yaani iliyounganishwa na kikonyo cha mti mwingine, ambayo ikitunzwa huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne. Wanafunzi huulinda mti unaowalisha. Hakuna tangazo la "usikanyage majani" lililowahi kufanya kazi vizuri kuliko parachichi.

Kijito kidogo hivyo kina umuhimu gani?

Fuata maji yake. Yanaingia Ruaha Mdogo, inayopita pale Ipogolo chini ya mji. Ruaha Mdogo inaungana na Ruaha Mkuu kabla ya bwawa la Mtera. Kutoka Mtera maji yanashuka Kidatu, yanaingia Rufiji, na kufika kwenye bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Maji ya korongo letu yanaweza kuzungusha mitambo ya umeme ya vituo hivyo vitatu kabla ya kuiona bahari. Chupa iliyotupwa korongoni inasafiri njia hiyohiyo.

Kuna jambo jingine. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, umekuwa ukikauka msimu wa kiangazi, mto ambao zamani ulitiririka mwaka mzima. Viboko hubaki wamesongamana kwenye madimbwi ya matope. Sehemu kubwa ya sababu iko juu, bonde la Usangu: mifereji ya mashamba ya mpunga inayoendelea kuchukua maji hata mto ukiwa umepungua, na mifugo mingi kwenye ardhi oevu ya Ihefu. Tuna wenzetu hapa chuoni ambao wazazi wao wanalima mpunga huko Mbarali, na ada zao zinatoka kwenye mpunga huo. Hatuwezi kuzungumzia mto kana kwamba wao ni maadui. Wao ndio wamesaidia sisi wengine kuelewa kwamba mfereji usio na lango la kufunga unapoteza maji usiku kucha bila mkulima kufaidika.

Kwa nini kuna mapipa matatu kila bweni?

La kijani ni la taka zinazooza: maganda, mabaki ya chakula, majani ya chai. La bluu ni la chupa, makopo na karatasi kavu. Jeusi ni la yaliyobaki, hilo linakwenda dampo. Taulo za kike zina ndoo yake yenye mfuniko katika vyoo vya dada zetu, na matroni ndiye anayesimamia.

Zaidi ya nusu ya kinachojaza pipa la bweni kinaweza kuoza. Kikichanganywa na chupa, chupa inachafuka na mnunuzi anaikataa, na maganda hayafai tena kwa mboji. Mkono mmoja wa uvivu unaharibu mapipa mawili.

Mboji mnaitengenezaje? Hainuki?

Ikinuka imekosewa. Tandika vijiti chini hewa ipite. Weka majani makavu unene wa shibiri, juu yake taka mbichi nusu ya hapo, samadi kidogo, udongo konzi chache, kisha rudia. Nyunyiza maji mpaka ukiikamata na kuiminya iwe kama kitambaa kilichokamuliwa. Nyama, samaki na mafuta visiingie, vinaita panya na mbwa.

Chomeka kijiti kirefu hadi katikati ya lundo. Baada ya siku nne au tano kichomoe ukishike. Lundo lililokaa sawa linapanda hadi nyuzi joto 55 au 60, kijiti kinatoka cha moto na chenye mvuke, na asubuhi ya baridi ya Juni wanachama wapya hukigombania kupasha mikono. Kikitoka cha baridi na kikavu, ongeza maji. Kikitoka cha baridi na chenye harufu, pindua lundo na uongeze majani makavu. Tunapindua kila wiki mbili au tatu. Kwa miezi mitatu inakuwa tayari. Ukianza Mei subiri zaidi, baridi huichelewesha.

Kwa nini taka zisichomwe tu?

Moshi wa plastiki una sumu, na dirisha la kwanza kuupokea ni la bweni.

Mifuko ya plastiki si ilishapigwa marufuku?

Ndiyo, tangu tarehe 1 Juni 2019, na tofauti inaonekana kwa macho. Waliokuwepo wanakumbuka nyaya za uzio wa chuo zilivyokuwa zimevaa mifuko kila upepo wa Agosti. Kinachotusumbua sasa ni vile vifuko laini visivyo na mshikio, unavyofungiwa nyanya au karanga. Nenda sokoni na kikapu. Wamama wanaouza mboga hawachukii ukiwaambia, "Mama, usinifungie, niwekee humu." Wengi hufurahi, kwani kifuko nao wanakinunua.

Fedha za chupa zinakwenda wapi?

Tunauza kwa kilo kwa wanunuzi wa mjini. Bei hupanda na kushuka. Kabla hatujaanza, walikuwepo watu wanaookota chupa hapa chuoni na kuishi kwa kazi hiyo. Tulipoanza kuzikusanya tuliwanyang'anya riziki bila kujua, mpaka mmoja wao, mama wa makamo, alipokuja kutuuliza tumemkosea nini. Tulikaa naye. Sasa chupa za mabweni mawili ni zake na wenzake. Tunachofanya sisi ni kuzitenganisha ziwe safi. Za majengo ya madarasa ndizo za klabu, na fedha yake inanunua viriba, mbegu na nyembe. Daftari la mapato limefungwa kwa kamba kwenye meza ya kitalu, kila mwanachama analifungua anapotaka.

Bomba linavuja kidogo tu. Kuna haja ya kuripoti?

Tuliweka ndoo ya lita 20 chini ya bomba la nyuma ya bweni moja saa 3 usiku. Bomba lenyewe lilikuwa likidondosha uzi mwembamba, wanafunzi wanapita hawalioni. Saa 12 asubuhi ndoo ilikuwa inamwagika. Piga hesabu: lita 20 kwa saa tisa ni zaidi ya lita 50 kwa siku, na zaidi ya 19,000 kwa mwaka. Dawa yake ilikuwa mpira wa koki, kitu kidogo kuliko kifungo cha koti. Ripoti, na andika tarehe uliyoripoti.

Kuhusu mvua: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 20 kwa 8, kwa mwaka wenye mvua ya milimita 600, linapokea lita 96,000. Hata ukipoteza robo, yanayobaki yanazidi mahitaji ya miche yetu kwa Septemba nzima. Tuna tangi moja tu. Tunataka matatu.

Na umeme?

Zima. Taa 30 za wati 18 zikiachwa kuwaka saa 12 za mchana koridoni zinakula uniti sita na nusu kila siku bila kumwangazia mtu.

Suala la jiko limefikia wapi?

Serikali imeagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Kwa hiyo hatuombi upendeleo.

Tulianza na jiko lenyewe. Tulikwenda saa 10 alfajiri kuwaona akina mama wanaotupikia uji. Dakika kumi zilitosha sisi kutoka nje tukikohoa, na wao wanakaa humo hadi mchana. Mama mmoja aliniambia macho yake huacha kuwasha siku ya Jumapili jioni tu, inapokaribia Jumatatu. Hiyo sentensi tuliiweka mwanzoni mwa barua kwa uongozi, kabla ya hesabu za kuni.

Gharama ya kufunga mitungi mikubwa ya gesi na majiko yake ni kubwa mwanzoni, tunaelewa. Wakati tunasubiri tulikubaliana na jikoni mambo madogo: kuni zikauke chini ya paa kwa miezi kadhaa, maharage yalowekwe usiku kucha, masufuria yafunikwe. Maharage yaliyolowekwa yanaiva mapema zaidi, na kila aliyepika analijua hilo. Kilichokosekana ni ndoo kubwa za kulowekea. Tukazinunua.

Uongozi wa chuo unawasikiliza?

Zaidi tunapokuja na hesabu na ramani. Mwaka juzi mkandarasi aliyekuwa anatengeneza maegesho alifyeka safu nzima ya mizambarau yetu asubuhi moja. Iliniuma sana. Lakini tulipokwenda kulalamika tuliulizwa: miti hiyo imeandikwa wapi? Haikuwa imeandikwa popote. Leo kila mti una namba, na ramani yake iko ofisi ya majengo na nakala kwa mshauri wa wanafunzi. Haijafyekwa safu nyingine.

Wanafunzi tunaweza kufanya jambo la kudumu kweli?

Klabu za Malihai, za uhifadhi wa wanyamapori na mazingira, zimekuwepo katika shule za nchi hii tangu mwaka 1980. Roots & Shoots, programu ya vijana ya mazingira, ilianza mwaka 1991 Dar es Salaam, vijana 12 wa sekondari wakiwa barazani kwa Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, wakimweleza yaliyokuwa yanawasumbua, na leo iko katika nchi nyingi duniani. Hao walikuwa wadogo kuliko sisi.

Ada ya uanachama ni kiasi gani?

Hakuna ada. Unapewa miche sita.

Nije na nini Jumamosi?

Ndoo, wembe, kofia, na viatu unavyokubali vichafuke. Tunaanza saa 1 asubuhi kitaluni, nyuma ya bwalo. Ukichelewa pitia njia ya chini, kando ya kijito, utatukuta kwenye mivengi. Mzee wa bustani huwa amefika kabla yetu. Msalimie kwanza, kisha muulize safu ipi haijanywa maji.